Msala upitao uliiponza Los Angeles

Ipo dhana iliyoenea kwamba mji wa Los Angeles, huko Marekani, ulizaliwa na motokaa. Dhana hiyo si kweli. Mji huo ulitandazwa na reli ya umeme, kabla motokaa haijawa mali ya mtu wa kawaida. Reli hiyo imekwisha kutoweka, na sababu za kutoweka kwake zinastahili kuchunguzwa na kila mtumishi wa umma anayepanga miji, na kila mwalimu anayefundisha maana ya maendeleo.

Shirika la Pacific Electric lilianzishwa mwaka 1901 na tajiri Henry Huntington pamoja na wenzake. Njia ya kwenda Long Beach ilifunguliwa Julai 1902. Mwaka 1911 mashirika kadhaa yaliunganishwa chini ya kampuni ya reli ya Southern Pacific, na hatimaye mtandao huo ukawa na kilomita zipatazo 1,600 za reli. Mabehewa mekundu, yakivuta umeme kutoka waya uliotundikwa juu ya njia, yaliwafikisha watu Pasadena, Santa Monica, San Bernardino na Riverside.

Hata hivyo, hapana budi kuuliza: reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya nani? Huntington alikuwa pia mfanyabiashara wa ardhi. Mashamba yalinunuliwa kwa bei ndogo, reli ikapitishwa, kisha viwanja vikauzwa kwa bei kubwa. Faida ilikuwa katika viwanja; nauli ilikuwa chambo tu. Samaki wakishavuliwa, mvuvi hana haja tena na chambo. Viwanja vilipokwisha kuuzwa, abiria alibaki na reli ambayo mwenyewe hakuona sababu ya kuitunza.

Motokaa zilipoongezeka katika miaka ya 1920, mabehewa yalikwama pamoja nazo katika barabara za mjini. Mwaka 1925 lilifunguliwa handaki la kilomita moja na nusu hivi chini ya mji, nalo likasaidia. Lakini sehemu nyingine ziliachwa zisongamane vivyo hivyo.

Wapo wanaodai kwamba reli hiyo iliuawa kwa njama za watengenezaji wa mabasi. Ni kweli kwamba mwaka 1949 mahakama iliipata General Motors na makampuni mengine na hatia ya kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na mafuta kwa makampuni ya usafiri yaliyokuwa chini ya National City Lines, na kwamba General Motors ilitozwa faini ya dola 5,000 tu. Lakini National City Lines ilinunua tramu za manjano za mjini, wala si Pacific Electric. Kumtwika mla njama mmoja lawama yote ni kuwasamehe waliopitisha sera mchana kweupe.

Sera yenyewe ilikuwa hii: barabara ilihesabiwa kuwa huduma ya umma, na reli ikahesabiwa kuwa biashara. Mwaka 1947 jimbo la California lilipandisha kodi ya mafuta ili kujenga barabara kuu. Reli ilitakiwa ijilipie. Katika njia ya mlimani ya Cahuenga, reli ilipita katikati ya barabara kuu. Ilipofungwa mwaka 1952, nafasi yake ikachukuliwa na motokaa. Na hayo yalitendeka ingawa mwaka 1945 Pacific Electric ilibeba abiria zaidi ya milioni 100.

Hali kadhalika, isidhaniwe kwamba kubadili jina la mwenye mali kunatosha. Mwaka 1958 njia zilizosalia zilichukuliwa na mamlaka ya umma, na ni mamlaka hiyo hiyo iliyoifunga njia ya mwisho, ile ya Long Beach, tarehe 9 Aprili 1961. Chombo cha umma kinachopima huduma kwa mizani ya mfanyabiashara hufikia uamuzi wa mfanyabiashara.

Miaka 29 ilipita. Julai 1990 treni ya umeme ilirudi kati ya Los Angeles na Long Beach, kwa gharama ya dola zaidi ya milioni 800, nayo ikapita kwa sehemu kubwa katika njia ile ile ya zamani. Iliwezekana kwa sababu ukanda huo wa ardhi uliendelea kutumiwa na treni za mizigo. Mahali ambapo ardhi ilikwisha kugawanywa na kujengwa, njia haikurudi kwa urahisi.

Wahenga walionya mtu asitupe mbachao kwa msala upitao. Reli ikichakaa hutengenezwa, na behewa likizeeka hubadilishwa. Lakini ardhi ya njia ikishauzwa, wajukuu hulazimika kuinunua upya, kwa bei wasiyoipanga wao. Ofisa anayetia sahihi hati ya kuigawa hana budi kulikumbuka hilo kabla wino haujakauka.