Kompyuta Isiyolala Sebuleni

Mama mmoja, msomaji wetu, ametuletea swali ambalo limetushughulisha wiki nzima. Kijana wake ameweka kompyuta kuukuu pembeni mwa sebule, haina kioo wala kibodi, na ameomba isizimwe usiku wala mchana. Anasema inaendesha nodi ya Bitcoin. Mama, akiona uniti za LUKU zinakwisha, usiku mmoja akaichomoa. Asubuhi yake hawakusemezana. Anauliza: je, nyumba yake imeingizwa katika kamari?

Tuanze na lililo zito. Nodi si mtambo wa kuchimba sarafu. Ni mtunza daftari. Tangu tarehe 3 Januari 2009 miamala ya Bitcoin huandikwa katika daftari moja ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kila nodi huhakiki kurasa zote kwa kanuni zilezile, na hukataa ukurasa ulioghushiwa. Kazi hiyo haina ujira, hata senti moja. Basi ikiwa kijana amewaahidi wadogo zake kwamba mashine hiyo italipa ada ya shule, amekosea, au amedanganywa. Na mzazi ana haki ya kuuliza ni nani aliyemwambia, na kama alimpa mtu huyo fedha. Ama kununua na kuuza sarafu hizo ni suala jingine, ambalo masheikh wametofautiana, nasi hatuligusi hapa.

Kuhusu kuichomoa, kijana ana hoja. Programu ile huweka sehemu ya kazi yake katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuiandika kwenye diski. Umeme ukikatika ghafla, daftari huweza kuharibika, na kulihakiki upya kwa mashine kuukuu huchukua siku nyingi. Lakini hana hoja anaposema kwamba haizimwi kabisa. Mifumo mingi ya Linux ina msimamizi aitwaye systemd. Kijana akiandika faili fupi la maelekezo, nodi huwa huduma inayofanya kazi kimyakimya: huanza yenyewe mashine inapowashwa, hufufuliwa ikianguka, na hupewa muda wa kufunga daftari kabla ya kuzimwa, hata dakika 10. Ikiwashwa asubuhi, hupakua kurasa za usiku ule tu.

Sisi tungemwekea masharti. Huduma hiyo iendeshwe kwa akaunti yake pekee isiyo na mamlaka juu ya mashine, wala si kwa ile ya msimamizi mkuu, ili mgeni akipenya asimiliki kila kitu. Funguo za siri za fedha ya mtu yeyote zisikae humo, nodi haizihitaji. Na bando: daftari zima limepita gigabaiti 600. Ipo njia ya kufuta kurasa za zamani ili diski isijae, ila haipunguzi kitu katika upakuaji wa mwanzo, kwani kila ukurasa sharti upite ndipo ufutwe. Hili vijana husahau kuwaambia wanaolipia intaneti.

Kwa usiku huu, kijana na abandike karatasi juu ya mashine: kitufe kibonyezwe mara moja, kisishikiliwe, kisha taa isubiriwe izimike. Hapo mama achomoe.