Akaunti Iwe kwa Jina Lako: Barua kutoka Leipzig

Ndugu zangu wa nyumbani,

 

Ninawaandikia kwa ajili ya vijana wanaojiandaa kuja Ujerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, simu kutoka Nairobi na Mombasa zimeongezeka, na za Dar es Salaam, Moshi na Unguja hazijawahi kupungua. Mmoja anakuja chuo kikuu, mwingine anakuja kusomea uuguzi, mwingine ameahidiwa kazi hotelini. Wananiuliza habari za baridi, za lugha, za chakula. Habari za benki hawaziulizi, na ninaelewa kwa nini. M-Pesa iliingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo huko nyumbani mtu akishasajili laini ya simu amepata pa kupokelea fedha na pa kulipia. Huku mshahara hauingii kwenye simu. Mwajiri, mwenye nyumba, bima ya afya, kampuni ya umeme, wote wanataka kitu kimoja: IBAN, namba ya akaunti yenye herufi na tarakimu 22, inayoanza na DE. Mtu anaweza kuwa na mkataba wa kazi mkononi na bado akakosa nauli ya treni, kwa sababu tu mshahara wake hauna pa kuingilia.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: mtoto wenu afungue akaunti kwa jina lake mwenyewe, na fedha zake zisipitie kwa mtu mwingine yeyote. Sheria ya hapa inampa haki hiyo. Wengi wanaomwambia kwamba hana haki hiyo wana njia ya mkato wanayotaka kumuuzia.

Mambo ya akaunti yanaanza huko huko kwenu, kabla ya viza. Mwanafunzi anayejigharamia lazima auoneshe ubalozi kwamba ana fedha za kuishi mwaka mzima, na njia inayotumika sana ni akaunti iliyofungwa, ambayo kila mwombaji wa viza anaijua kwa jina la Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya milioni 30, kwa za Kenya ni zaidi ya milioni moja na nusu. Najua fedha hiyo inavyopatikana. Kipande cha shamba kinauzwa, mama anachukua mkopo wa VICOBA, wajomba na mashangazi wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp, na pengo linalobaki linazibwa na mkopeshaji wa kausha damu.

Hapo penye mkopo ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri. Fedha iliyowekwa kwenye Sperrkonto haitoki kwa mkupuo. Kijana akishafika anaachiwa euro 992 kila mwezi, basi, na zikizidishwa mara 12 ndipo zinapofika zile 11,904. Aliyekopesha kwa ahadi kwamba atarudishiwa mara tu mtoto akitua Frankfurt ameahidiwa kisichowezekana. Na hizo 992 si za kuweka akiba. Humo kuna kodi ya chumba, chakula, nauli, na bima ya afya ya mwanafunzi ambayo peke yake inazidi euro 120 kwa mwezi. Nimewaona vijana wanaobana hadi mlo wa mchana ili watume marejesho Dar es Salaam. Wengine wameishia kufanya kazi usiku kwenye maghala ya mizigo huku mitihani inawapita, na siku ya kuongeza kibali cha ukaaji, ofisi ya wageni inauliza masomo yamefika wapi. Msimkopee mtoto deni ambalo linaanza kudaiwa kabla hajajua kusoma ratiba ya basi. Ni heri asubiri mwaka mmoja zaidi.

Kuna njia nyingine, na familia nyingi hazizijui. Ufadhili wa masomo, kama ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, unachukua nafasi ya akaunti iliyofungwa. Ndugu anayeishi hapa kihalali na mwenye kipato cha kutosha anaweza kutia saini hati ya kumdhamini mgeni, lakini ajue kwamba serikali inaweza kumdai yeye gharama za mgeni huyo. Anayekuja kwa mafunzo ya kazi yenye posho huenda asihitaji akaunti iliyofungwa kabisa, au ahitaji kujazia kidogo tu. Wanaokwenda kwenye Sperrkonto watume kiasi kinachozidi kidogo, maana benki za katikati hukata ada zao njiani. Ikipungua hata euro 20, cheti cha kupeleka ubalozini hakitoki mpaka mjazie. Viza ikikataliwa, fedha inarudi kwa mwenye akaunti baada ya kuwasilisha barua ya ubalozi. Hakuna haja ya dalali katika lolote kati ya hayo.

Akishatua, kitu cha kwanza kutafuta ni anwani. Sheria inamtaka kila anayehamia kwenye nyumba ajiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, na tangu Novemba 2015 mwenye nyumba analazimika kumpa karatasi inayothibitisha kwamba amehamia kweli. Bila karatasi hiyo hakuna cheti cha ukaazi, na bila cheti hicho benki nyingi hazitaki kuanza mazungumzo. Katika miji mikubwa hata kupata miadi kwenye ofisi hiyo ni kazi, kwa hiyo atafute miadi mapema, akiwa bado nyumbani kama inawezekana. Mgeni akianza kuhangaika, hukosi kusikia mtu akimwambia: nipe kiasi fulani, nitakuandikisha kwangu, wewe lala unapolala. Asikubali. Kutoa anwani kwa mtu asiyehamia hapo ni kosa linaloweza kutozwa faini hadi euro 50,000, na anayejiandikisha mahali asipoishi naye anavunja sheria.

Jambo dogo linalowatesa wengi ni sanduku la barua. Tarishi wa hapa hatafuti namba ya chumba, anasoma jina kwenye sanduku. Benki hutuma kadi kwenye bahasha moja na namba ya siri kwenye bahasha nyingine, siku tofauti. Namba ya kodi, yenye tarakimu 11, nayo huja kwa posta. Kijana aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, na jina lake halijabandikwa pale chini mlangoni, barua zake zote zinarudi zilikotoka, naye anakaa anasubiri akidhani benki imemtupa. Siku ile ile anayopewa ufunguo, abandike jina.

Jina lenyewe liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kila mahali. Sisi tuna la kwetu, la baba na la babu, na tumezoea kujitambulisha kwa mawili yoyote kati ya hayo. Huku ukijaza Juma Hamisi kwenye mkataba wa kazi na Juma Hamisi Mwinyi benki, umejitengenezea watu wawili. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinalinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla fedha haijatumwa, na zisipolingana mtumaji anapata onyo. Mhasibu akiona onyo hilo anaweza kusimamisha malipo mpaka apate maelezo, na mshahara wa kwanza unachelewa.

Kuthibitisha utambulisho kunafanyika kwa kwenda tawi la benki, kwa kwenda posta na pasipoti, au kwa simu ya video. Si kila pasipoti inakubaliwa kwa video. Ikikataliwa, achague posta au tawi, asidhani mlango umefungwa.

Sasa nifike kwenye haki yenyewe. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba kila anayeishi kihalali katika nchi zake aweze kupata akaunti ya msingi, na tangu Juni 2016 Ujerumani ina sheria inayolitekeleza. Akaunti hiyo inaitwa Basiskonto. Benki inayotoa akaunti za kawaida kwa wananchi haiwezi kumkatalia mtu kwa kuwa ni mgeni, au maskini, au hana kazi. Sheria inawataja hata wasio na makazi maalumu, wanaoomba hifadhi, na wale ambao hawana kibali lakini hawawezi kurudishwa makwao. Kwa hiyo ndugu yetu aliyekimbia Bukavu au Bujumbura, anayesubiri uamuzi wa hifadhi yake, naye ana haki hii sawasawa na mwanafunzi wa udaktari. Kwa akaunti hiyo anaweza kupokea mshahara, kutoa fedha taslimu, kulipa kwa kadi na kuhamisha fedha. Asichopata kwa kawaida ni ruhusa ya kutumia zaidi ya alichonacho, na kwa mgeni hiyo ni salama yake.

Maombi yana fomu maalumu. Benki ikishaipokea ina siku kumi za kazi kujibu. Ikikataa lazima iandike na itoe sababu, na sababu zinazokubalika ni chache: kwa mfano, kwamba tayari una akaunti nyingine nchini inayofanya kazi, au kwamba uliwahi kutiwa hatiani kwa kosa dhidi ya benki hiyo. Ukionewa unaandika malalamiko kwa BaFin, mamlaka ya serikali inayosimamia mabenki, bila malipo. Nayo ada ya akaunti hii inatakiwa iwe ya wastani. Mwaka 2020 mahakama kuu ya shirikisho ilisema kwamba euro 8.99 kwa mwezi, iliyokuwa ikitozwa na benki moja kubwa, ilizidi kiasi.

Nimesimama kaunta na binti wa Kitanzania aliyeambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mfumo haumkubali. Alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake. Tulipotaja Basiskonto na kuomba fomu yake, fomu ikatolewa. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini roho iliniuma pia, maana nilijua wangapi wanaingia peke yao, wanaambiwa hapana, wanasema asante na kutoka. Haki isiyojulikana haimsaidii mtu. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Na sasa yale magumu zaidi kuyaandika, kwa kuwa yanatuhusu wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni asiye na akaunti hukutana na mwenyeji anayemwambia: mshahara wako uingie kwangu kwanza, nitakupa taslimu. Mwezi wa kwanza anapewa zote. Mwezi wa pili zinapungua, kuna sijui kodi, sijui ada. Mwezi wa tatu simu haipokelewi. Polisi wataanzia wapi, ikiwa mwenyewe alimwandikia mwajiri kwamba fedha ziende huko?

Upande wa pili ni mbaya kuliko huo. Kijana ameshapata akaunti yake, anatokea mtu, mara nyingine ni tangazo la kazi mtandaoni, anamwomba apokee kiasi fulani, abaki na asilimia kadhaa, zilizobaki azitume mbele. Fedha hizo mara nyingi zimeibwa kwa mtu fulani, aghalabu kwa mzee aliyelaghaiwa kwa simu. Kwa sheria ya Ujerumani huo ni utakatishaji wa fedha, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Kusema sikujua hakumwokoi aliyefanya uzembe ulio wazi. Akaunti inafungwa, kesi inafunguliwa, na kibali cha ukaaji kinakuwa hatarini. Nawasihi wazazi mumwambie mtoto maneno haya kwa midomo yenu kabla hajapanda ndege, kwa sababu huku atakayemshawishi atamwita ndugu.

Schufa itamtisha bure. Ni kampuni binafsi, ipo tangu 1927, inaweka kumbukumbu za nani analipa madeni yake. Aliyefika juzi hana historia yoyote humo, na kukosa historia si doa. Ajihadhari tu na mikataba ya simu anayosaini haraka haraka na kushindwa kuilipa. Makampuni ya huku huchota fedha yenyewe kwenye akaunti kwa idhini yako. Yakichota isivyostahili, una wiki nane za kuiambia benki irudishe. Azoee kufungua taarifa ya akaunti kila wiki.

Akishaanza kulipwa atawatumia. Najua atawatumia, ndivyo tulivyolelewa. Alinganishe kwanza wasafirishaji wa fedha, asitazame ada peke yake, atazame na kiwango cha kubadilishia euro, maana huko ndiko wengi wanakokata zaidi. Lakini mumpe nafasi. Kati ya kutua na mshahara wa kwanza kuna ofisi ya wakazi, posta, benki, bima, na chumba kinachodai amana ya miezi kadhaa. Mpigieni simu mumuulize amekula nini, mambo ya ada za wadogo zake yasubiri. Akiwaambia bado sijapata akaunti, mwaminini.

Na kama mtaani kwenu kuna kijana anayesubiri viza ya Ujerumani, hata kama si wa ukoo wetu, mpeni barua hii aisome kabla hajamlipa mtu yeyote.

Ndugu yenu,
Leipzig, Ujerumani