Mchezo wa mtaani usiishie kwa fulana

Si ajabu mitaani kukuta umati umewazingira vijana wanaoigiza kando ya barabara. Ngoma inalia, mlevi anapepesuka, watu wanaangua vicheko. Mwishoni mhusika mmoja anafariki, mwingine anahubiri kuhusu kondomu, fulana zinagawanywa na gari la wahisani linaondoka. Wiki inayofuata mtaa unazungumza tu juu ya waliokosa fulana.

Hiyo ni hasara, kwani mchezo wa mtaani una uwezo ambao bango la zahanati halina. Mwaka wa 1977 wakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanywa hadharani na wanakijiji wakawa wakiwasahihisha waandishi. Serikali iliupiga marufuku mwaka huo huo, na mnamo 1982 ikabomoa ukumbi wao. Hakuna anayejisumbua kubomoa ukumbi wa mchezo usiosikizwa.

Siri ni kumpa mtazamaji nafasi ya kusema. Augusto Boal wa Brazil alikuwa akisimamisha mchezo penye utata na kuwaalika watazamaji wachukue nafasi ya waigizaji. Hapa Kenya mbinu hiyo imewahi kutumiwa katika vita dhidi ya Ukimwi, kundi likirudi uwanja ule ule kila mara.

Tuseme mke amegundua vidonge vya kupunguza makali ya virusi ndani ya mkebe wa unga. Mumewe amekuwa akivimeza kisiri. Hapo mwelekezi anasimamisha mchezo na kuuliza, "Akina mama, mngefanyaje?" Mmoja atafunganya arudi kwao. Mwingine atataka waende wote kliniki. Kisha mzee wa nyuma kabisa atauliza iwapo anayemeza dawa bado huambukiza.

Swali hilo halifai kujibiwa na mwigizaji kwa kubahatisha. Anayemeza dawa barabara hadi kiwango cha virusi kikawa cha chini mno kuonekana kwenye vipimo, na kikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kupitia ngono. Kabla ya kufika hapo, au akiacha dawa, hatari ipo. Kwa hivyo mhudumu wa afya awepo, asikize hadi aulizwe.

Ila hema la kupimia lisisimamishwe karibu na jukwaa. Nani ataingia humo huku mama mboga, mwenye nyumba na majirani wote wakitazama? Heri watu waambiwe kliniki iko wapi na hufunguliwa saa ngapi, waende wakati wao.

Na waigizaji walipwe. Kijana anayepewa soda na nauli hawezi kurudi kila wiki, na mtu hafunguki moyo kwa mgeni wa siku moja. Wahisani nao hawategemeki: mapema mwaka wa 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na miradi ya Ukimwi nchini ikatikisika. Kaunti zimesimamia huduma nyingi za afya tangu 2013. Zianze na kundi moja katika kila wadi, kila Jumamosi alasiri kwa miezi sita, na pesa za fulana ziwe mshahara wa waigizaji.