Illinois: Benki ndogo zabaki na mlango mmoja katika mvutano wa ada za kadi

Chukua mteja aliyekula katika mgahawa mjini Chicago. Chakula dola 100, kodi ya mauzo dola 10, bakshishi ya mhudumu dola 20. Akilipa kwa kadi, benki iliyotoa kadi hiyo hupata ada inayohesabiwa juu ya dola zote 130. Tuseme ni asilimia 2. Mwenye mgahawa anakatwa dola 2.60, ingawa dola 30 kati ya hizo si zake: ni za serikali na za mhudumu.

Malalamiko yake yana msingi. Mwaka 2024 jimbo la Illinois liliwabana wafanyabiashara kwa njia nyingine: kile wanachobaki nacho kwa kazi ya kukusanya kodi ya mauzo kisizidi dola 1,000 kwa mwezi. Kama kifuta jasho, sheria ikakataza ada ya kadi kutozwa kwenye kodi na bakshishi. Gavana JB Pritzker aliisaini Juni 2024.

Mabenki yakaenda mahakamani. Hapa inabidi kujua jambo moja: Marekani, benki inaweza kupewa leseni na serikali kuu au na jimbo. Desemba 2024 Jaji Virginia Kendall wa mahakama ya serikali kuu alizuia kwa muda sheria hiyo isizihusu benki zenye leseni ya serikali kuu. Februari 2025 akaongeza zile zenye leseni za majimbo mengine. Zilizobaki bila kinga wakati huo zilikuwa benki za Illinois yenyewe, pamoja na vyama vya akiba na mikopo.

Nyingi kati ya benki hizo ni ndogo, za miji ya wakulima wa mahindi na soya. Kwa miaka mingi sheria za jimbo zilizuia benki kufungua matawi, na benki ndogo zenyewe zilipigania zuio hilo libaki. Mwaka 2025 jimbo hilo hilo ndilo lililokuwa likizibana, huku washindani wao wakubwa wakiwa wamelindwa kwa muda na mahakama.

Na ada ni sehemu tu ya tatizo. Mitambo ya kadi huona jumla ya malipo, haioni kodi wala bakshishi. Kama haikutenganishwa pale pale, sheria inampa mfanyabiashara siku 180 kupeleka nyaraka za kodi, na benki siku 30 kumrudishia. Kukiuka sheria kunaweza kuleta faini ya dola 1,000 kwa kila muamala. Benki kubwa ina idara ya kazi hiyo. Benki ya wafanyakazi ishirini itampa nani?

Ndiyo maana wawakilishi wa benki za jamii wamekuwa wakibisha hodi kwa wabunge wa jimbo mjini Springfield. Walitaka sheria ifutwe. Mwaka 2025 walichopata ni mwaka mmoja tu: kuanza kwake kulisogezwa kutoka Julai 1, 2025 hadi Julai 1, 2026.

Kwa maoni yangu, ombi rahisi kutetea ni kusamehewa kwa ukubwa. Sheria ya taifa ya 2010 iliyoweka kikomo cha ada za kadi za benki, iliyosukumwa na Seneta Dick Durbin wa Illinois hiyo hiyo, iliziacha benki zenye mali chini ya dola bilioni 10. Sheria ya Illinois haina mstari huo, na wa kuuandika ni wabunge wa Springfield.