Macho ya Manjano na Kazi ya Bandama



Jirani yangu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, ana binti wa miaka 4 ambaye macho yake hugeuka manjano mara kwa mara. Wapangaji wenzake hawakumnyima ushauri. Mmoja alisema mtoto amerogwa. Wa pili alisema damu imechafuka, anyweshwe dawa ya kuharisha. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, alimletea chupa ya dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Alipompeleka hospitali, aliambiwa kuwa mtoto ana ugonjwa wa selimundu. Jioni hiyo akaniuliza: “Ndugu yangu, hii rangi ya manjano hutoka wapi?”

Jibu lake ni hili: hutoka kwenye maziko yanayofanyika ndani ya miili yetu sote, usiku na mchana.

Chembe nyekundu za damu huzaliwa katika uboho wa mifupa na huishi siku 120 hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya, takriban chembe milioni 2 hufikia mwisho wake kila sekunde, na nyingine kama hizo huzaliwa. Lau zote zingepasukia mishipani, yaliyomo ndani yake yangemwagika na kudhuru mwili. Kwa hiyo kinga ya mwili, ambayo tumezoea kuidhania kuwa ni askari wa kupambana na vijidudu tu, imepewa pia kazi ya uzikaji.

Wazikaji hao ni chembe kubwa ziitwazo makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Mwanasayansi Elie Metchnikoff aliziona chembe za ulaji mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipomchoma mtoto mchanga wa kiti cha pweza kwa mwiba na kuona chembe zikiuzingira mwiba ule. Mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mzikaji humtambuaje anayekufa? Utando wa chembe una tabaka mbili. Mafuta ya aina moja, yaitwayo fosfatidiliserini, hukaa katika tabaka la ndani. Chembe inapokaribia kufa, mafuta hayo hujitokeza nje, na makrofaji ikiyagusa hujua kuwa saa imefika. Chembe yenye nguvu, kwa upande wake, hubeba usoni protini iitwayo CD47, ambayo ni kama kusema: “Niache, bado ningali kazini.” Baada ya kuimeza chembe mfu, makrofaji hutoa kemikali za kutuliza. Ndiyo maana maziko mengi namna hiyo hupita bila sisi kuhisi homa wala maumivu.

Kazi hiyo hufanyika zaidi katika bandama na ini. Ndani ya bandama damu hupenyezwa katika matundu membamba kuliko chembe yenyewe. Chembe changa hujikunja ikapita; iliyozeeka na kukakamaa hukwama mikononi mwa wazikaji. Hapo hakuna kinachotupwa ovyo. Chuma hurudishwa kwenye uboho kuunda damu mpya, zaidi ya miligramu 20 kwa siku, hali chakula hutupatia miligramu 1 au 2 tu. Mabaki mengine hugeuka kuwa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini huitoa pamoja na nyongo.

Sasa turudi kwa binti yule. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama. Chembe nyekundu hupinda kama mundu, hukakamaa, na alama za kifo hujitokeza mapema. Huishi siku 10 hadi 20 tu. Maziko yakizidi kiasi hicho, ini hulemewa, na rangi ile hubaki damuni hadi ikaonekana machoni. Hakuna mchawi hapo. Na kwa kuwa chuma cha chembe zilizokufa hutumika tena, mtoto huyu asipewe dawa ya chuma bila kupimwa. Kwa kawaida daktari humwandikia asidi ya foliki, inayousaidia uboho kuunda chembe mpya.

Lakini jambo zito zaidi ni bandama yenyewe. Chembe zilizopinda huziba mishipa yake, na kwa watoto wengi hudhoofika kabla hawajatimiza miaka 5. Bandama hiyohiyo ndiyo huchuja bakteria katika damu. Ikishindwa, homa ndogo yaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto wa selimundu, akipata homa mpeleke hospitali saa ileile, usingoje kupambazuke. Mpe penisilini kila siku kama ulivyoelekezwa na daktari, wala usiiache kwa kuwa anaonekana mzima. Hakikisha amepata chanjo zote. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu; ikivimba ghafla na mtoto akapauka, hiyo ni hatari.

Nawe jirani, ukiona macho ya manjano, usihukumu kuwa ni selimundu wala uchawi. Malaria na maradhi ya ini huleta dalili hiyohiyo, na kipimo ndicho kitakachoamua. Ukitaka kumfaa mwenzio, mshikie mtoto mmoja nyumbani ili ampeleke mwingine hospitali.