Mzazi Ana Hesabu Zake: Funzo la John Caldwell kwa Wapanga Sera Wetu

Kila takwimu za idadi ya watu zinapotangazwa nchini mwetu, huibuka kambi mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Watanzania tumefika 61,741,120, na kwamba tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kambi ya kwanza husema ardhi ipo tele, nguvukazi ni mtaji, basi tuzaane. Kambi ya pili hushika kichwa na kulalamika kuwa madarasa yamefurika kwa sababu wananchi wanazaa bila mpango. Kambi hizi zinapingana kwa karibu kila jambo, lakini tabia yao ni moja: zote humhubiria mzazi, na hakuna inayomuuliza.

Mwanazuoni aliyetumia maisha yake kumuuliza mzazi ni John Caldwell, mwanademografia wa Australia aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2016. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifundisha Chuo Kikuu cha Ghana. Baadaye alifanya utafiti wa miaka mingi nchini Nigeria pamoja na wanazuoni wa huko, na kuanzia mwaka 1970 hadi 1988 aliongoza Idara ya Demografia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra. Mkewe, Pat Caldwell, alikuwa mtafiti mwenzake. Njia yao ilikuwa kurudi vijijini mara kwa mara na kuzungumza na familia kwa kirefu, badala ya kutegemea hojaji peke yake.

Nadharia iliyotawala wakati huo ilidai kuwa uzazi hupungua viwanda vinapojengwa, miji inapokua na kipato kinapopanda. Ndani yake mlijificha dharau: mkulima huzaa kwa mazoea, mtu wa mjini huzaa kwa akili. Katika makala yake ya mwaka 1976, Caldwell aliikataa dhana hiyo. Alisema wazazi wa aina zote mbili wana akili timamu, na kila mmoja huamua kwa kufuata manufaa ya mazingira yake. Kinachobadilika ni mwelekeo wa mtiririko wa mali kati ya vizazi.

Katika kaya ya wakulima, mtoto wa miaka sita huchota maji, huchunga mbuzi na hubeba mdogo wake mgongoni. Akikua hulima, akienda mjini hutuma fedha, na wazazi wakizeeka huwatunza. Jasho, fedha na ulinzi hupanda kutoka kwa watoto kwenda kwa wazee. Katika mazingira hayo, usemi kwamba kila mtoto huja na riziki yake ni maelezo sahihi ya uchumi wa nyumba. Mkondo ukigeuka, yaani mtoto akihitaji sare, madaftari, nauli na miaka mingi ya kulishwa kabla hajaleta chochote, mzazi huyohuyo hupiga hesabu upya. Ndiyo maana, kwa Caldwell, shule ya watu wote ina nguvu kuliko kiwanda.

Kazi yake ya pili kubwa ilihusu vifo vya watoto. Mwaka 1979 alichapisha uchambuzi wa takwimu za Nigeria ulioonesha kuwa watoto wa mama aliyesoma wana nafasi kubwa zaidi ya kuishi, hata baada ya kuzingatia mahali familia inapoishi na kazi ya baba. Alieleza kuwa mama huyo hupata sauti ndani ya nyumba: humpeleka mtoto kwa mganga wa zahanati mapema, pasipo kungoja idhini ya mume au mama mkwe. Hapa kuna jambo ambalo wahubiri wa uzazi wa mpango hulisahau. Mama aliyezika watoto wawili hatakubali kuambiwa kuwa watatu wanatosha.

Caldwell hakuwa mtume. Mwaka 1987, yeye na Pat waliandika kuwa imani za mizimu na nguvu za ukoo zingeufanya uzazi wa Afrika kusini mwa Sahara kuwa mgumu kupungua. Kufikia mwaka 1992, wakiandika pamoja na I. O. Orubuloye wa Nigeria, walikiri kuwa Kenya, Zimbabwe na Botswana zilikuwa zimeanza mpito wa aina mpya. Wapinzani wengine walipima chakula katika jamii za wawindaji wa Amerika Kusini, wakakuta kuwa hata huko wazazi hutoa zaidi ya wanachopokea. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, kalori hazipimi usalama wa uzeeni, wala heshima ya mzee mwenye wana wa kumtetea.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto wanane. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Kwa Tanzania, utafiti wa mwaka 2022 ulionesha 4.8, huku vijijini ukiwa 5.5 na mijini 3.6. Kwa nini sisi, tulioamua pale Musoma mwaka 1974 kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, tumebaki nyuma? Jibu langu, kwa kumfuata Caldwell, ni kwamba tuliufungua mlango wa shule ya msingi lakini tukauacha wa sekondari ukiwa mwembamba kwa miongo miwili. Mtoto alimaliza darasa la saba akarudi shambani akiwa bado mdogo, na mkondo wa mali haukugeuka. Sababu nyingine zipo, lakini hii haipaswi kupuuzwa.

Nadharia hii ikikubaliwa, inabadilisha kazi ya mtumishi wa umma. Kwanza, binti abaki sekondari. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni ulikuwa wa haki, na kwa mizani ya demografia una uzito kuliko hotuba kumi. Usiishie kwenye waraka. Pili, uzee upate kinga nyingine zaidi ya watoto. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hoja yake ni kubwa, na Tanzania Bara haina budi kuijibu. Tatu, fedha za kuokoa watoto wachanga zihesabiwe kuwa sehemu ya sera ya idadi ya watu.

Lipo pia suala la nani atatuhesabu na kutusikiliza. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikatiza mpango wa tafiti za demografia na afya ambao, tangu miaka ya 1980, umekuwa chanzo kikuu cha takwimu za uzazi katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Taifa linalopanga shule na zahanati zake kwa takwimu zinazotegemea hisani ya wengine linaweza kuamka siku moja likiwa halina macho. Ofisi zetu za takwimu na vyuo vyetu vikuu vinahitaji fungu la kudumu katika bajeti, na wanafunzi wetu wanahitaji muda wa kukaa kijijini kuliko wiki mbili za kujaza hojaji.

Nawasihi wanaharakati wa pande zote mbili waweke kando kipaza sauti kwa muda. Anayetaka wananchi wazae wachache, na anayetaka wazae wengi, waanze kwa kumuuliza mama wa Kwimba au Micheweni swali moja: ukizeeka, nani atakutunza? Jibu lake ndilo litakaloonesha sera yetu inapungukiwa na nini.