Ifungue Kwanza

Nimechoka kuambiwa kwamba laptopu yangu inachemka kwa sababu ya Dar es Salaam. Kila mtu ana maneno hayo: muuzaji, kijana wa dawati la huduma, hata rafiki ambaye kompyuta yake haijawahi kufanya kazi nzito kuliko kuandika barua. "Joto la huku, kaka." Kisha unatolewa ule ubao wa plastiki wenye feni mbili na taa za bluu, ununue, uweke chini ya mashine. Mimi nasema joto la mji linasingiziwa. Kinachoziua laptopu zetu ni uchafu uliofungiwa ndani, na woga tuliofundishwa wa kushika bisibisi.

Sikatai kwamba kuna joto. Nahariri video katika chumba cha bati Temeke, na mwezi wa pili, saa tisa alasiri, kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 36. Apple wanaandika wazi kuwa MacBook zitumike penye joto la kati ya nyuzi 10 na 35, kwa hiyo kwa kipimo chao mimi mwenyewe niko nje ya mpaka. Tena feni ya laptopu haitengenezi baridi. Inasukuma hewa iliyomo chumbani, na kama hewa hiyo ina nyuzi 36, hakuna kitakachoshuka chini ya hapo. Sawa. Lakini prosesa nyingi za Intel huvumilia hadi kwenye nyuzi 100 hivi ndipo zianze kujipunguzia kasi ili zisiungue. Kati ya 36 na 100 kuna nyuzi 64. Nani anazila?

Mwaka juzi nilikuwa namalizia video ya harusi. Baba wa bibi harusi alifariki wiki chache baada ya sherehe, na familia ikaomba video iwe tayari kabla ya arobaini, kwa sababu mzee alizungumza mle. Dakika nne hivi, kashika maiki mbali na mdomo, anamuusia binti yake. Nikaanza kurenda, yaani kuiacha kompyuta iunganishe picha, sauti na rangi kuwa faili moja, kazi inayoikamua prosesa kwa saa nzima na zaidi bila kupumzika. Ilifika asilimia 71, ikazima. Nikangoja ipoe, nikaanza upya: 64. Nikarudia usiku wa manane, dirisha wazi, pangaboi kwa kasi ya mwisho: 80. Feni ya ndani ililia kama mashine ya kusaga, lakini nikiweka kiganja kwenye matundu ya pembeni, hewa iliyotoka ilikuwa pumzi ya mgonjwa.

Kwenye kituo cha huduma walikaa nayo siku mbili. Jibu: bodi imechoka, ibadilishwe, kwa bei inayokaribia nusu ya laptopu nyingine. Nikauliza kama waliifungua. Kijana akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama amekula. "Mfumo unaonyesha, kaka." Nikaigeuza: kile kikaratasi cha waranti juu ya skrubu kilikuwa kizima, hakijaguswa na mtu.

Arobaini ilikuwa imebakiza siku tano. Nikaenda Kariakoo, kwa fundi ambaye meza yake ni pana kama trei mbili za mayai. Huyu hata hakuiwasha. Aliinusa, akachungulia kwenye matundu kwa tochi ya simu, akasema, "Imeziba hii, bosi," na kikaratasi kikachanika.

Ningependa kila mwenye laptopu aone nilichokiona. Juu ya prosesa kuna kibati, na kutoka hapo linakwenda bomba bapa la shaba. Ndani yake mna kimiminika kidogo: upande wa moto kinageuka mvuke, upande wa pili kinapoa, kinarudi. Upande huo wa pili kuna mapezi membamba ya chuma, na feni inapuliza katikati ya mapezi ili joto litoke nje. Sasa, kati ya feni yangu na mapezi hayo kulikuwa na blanketi. Vumbi, nyuzi za shuka, unywele, vyote vimeshindiliwa kama pamba ya godoro. Fundi aliling'oa kwa kibanio, likatoka zima. Ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kibati ilikuwa imekauka kuwa chaki. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya, tone dogo tu. Kabla ya kupuliza vumbi lililobaki aliizuia feni kwa kijiti, maana upepo mkali ukiizungusha kupita kiasi unaweza kuiharibu.

Dakika arobaini na tano. Shilingi 25,000.

Usiku ule nikafanya jambo moja zaidi: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nilishusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99. Hiyo moja inayopungua huizuia prosesa kujirusha kwenye kasi ya ziada, na joto linashuka sana kwa hasara ndogo ya muda. Haikuvuka nyuzi 83. Video ikaisha saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo ule ubao wa feni ni wa nini? Mapezi yakiwa yameziba, ni kumpepea mtu aliyefunikwa blanketi. Ukiwa na faida, basi ni ile ya kuinua mashine ili matundu ya chini yapate hewa, na vizibo viwili vya soda vinafanya hivyo bure. Usiiweke kitandani, ni kweli. Usiiweke kwenye friji pia (nimemwona mhariri mwenzangu akifanya hivyo, unyevu wa pwani huganda kuwa matone kwenye bodi). Lakini wanaotoa nasaha hizi huishia hapo, kwa sababu kumlaumu mtumiaji hakugharimu kitu.

Ufaransa, tangu Januari 2021, laptopu huuzwa na alama, kumi kwa nyingi, inayosema inafunguka na kutengenezeka kwa urahisi gani. Mimi dukani hapa sijawahi kuonyeshwa alama hiyo. Naonyeshwa wembamba wake.

Najua hatari. Betri ya lithiamu ukiitoboa inaweza kuwaka, basi ichomoe kwanza, na kama mkono unatetemeka mpe fundi. Wapo mafundi wanaobadilisha RAM yako kwa ndogo, ndiyo maana mimi hukaa palepale mpaka skrubu ya mwisho irudi.

Mwaka huu nimekwenda kununua nyingine. Muuzaji akaanza na kioo, rangi, uzito. Nikamwomba aigeuze.

"Hii inafungukaje chini?"

"Kufungua ya nini, mzee? Ni mpya."

Nikamwambia nina bisibisi mfukoni. Akaivuta laptopu upande wake wa kaunta, nami nikavuka barabara kwenda duka la pili.